Siku Ishirini za Jiko la Mama

Alhamisi. Manyunyu tangu saa nne asubuhi, na matope hadi mlangoni. Hadi pale mlango ungekuwa, niseme ukweli.

Naandika nikiwa nimekalia mfuko wa simiti ndani ya jiko la Mama, hapa Nuu. Simu ina chaji kidogo, nami nimebaki na nguvu kidogo hivyo hivyo. Mgongo unauma, kucha zimejaa udongo, na leo nimefanya kitu ambacho nimekuwa nikikikwepa siku mbili. Nitakifikia. Wacha nianze na ratiba, kwa sababu ratiba ndiyo ilinidanganya.

Iko hapo ukutani, nimeigongomea kwa msumari. Ni karatasi ya manila, ile ya kuandikia chati za darasa la nne, na kalamu za rangi tatu. Siku ishirini, kila siku na kazi yake. Siku ya pili kushusha paa la zamani. Siku ya tano ukuta. Siku ya kumi jiko lenyewe, lile la matofali lenye bomba la kutoa moshi nje. Siku ya ishirini nimeandika neno moja tu kwa rangi nyekundu, "Mama", na siku hiyo ni Jumamosi hii.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha Matiliku, na nimezoea kengele ikilia watu wanaingia. Huku nyumbani kengele hakuna, na kila mtu ananiambia "pole pole, Mwalimu" mpaka nataka kupiga mayowe.

Kwa ambao hamkusoma ya nyuma: Mama amepika kwa moshi karibu miaka hamsini. Jiko lake lilikuwa chumba kidogo cha udongo, mawe matatu katikati, dirisha hakuna, na mabati ya juu yamekuwa meusi tii. Mwezi wa nane kifua kilimshika hata akawa anatembea hatua kumi, anasimama, anashika kitu. Daktari alimpiga picha ya kifua, kisha akanivuta kando akaniambia bila kuzunguka: dawa zitasaidia, lakini huyu mama akirudi kwa ule moshi, msije mkamlaumu mtu. Nilitoka pale nikiwa nimeshaamua.

Mama alikuwa hajaamua chochote. Tulivutana wiki mbili. Mwishowe akakubali kukaa kwa dada yangu Mueni, Kitui mjini, amalize dawa, huku mimi nikitumia likizo kumjengea jiko lisilo na moshi. Lakini alinipa sharti, na Mama akitoa sharti huwa harudii.

"Siku ishirini, Ndinda. Nikirudi nikute bado mnachezea udongo, nitapanga mawe yangu pale pale na nitapika. Mimi si mgeni kwa nyumba yangu."

Kwa hivyo sijengi jiko la kupigia picha. Lisipoisha Jumamosi, Mama anarudi kwa moshi. Akirudi kwa moshi, sijui kama likizo ya Aprili nitakuwa bado na Mama.

Hapo ndipo tulipo.

Wiki mbili za kwanza zilienda kwa kusukumana. Fundi Musembi ni mtu wa hapa, kazi yake naijua, na huja na mwenzake mmoja. Siku ya kwanza kabisa alisimama kuniambia habari za nyumba hii, jinsi marehemu baba alivyomfundisha kupima ukuta kwa kamba. Nikaangalia saa. Nikamwambia, "Fundi, hizo hadithi utamalizia nyumbani." Mtu aliyenizidi miaka kumi na tano! Akachukua nyundo. Kuanzia siku hiyo hakuniambia lolote lisilohusu kazi, na mimi nikajiona nimeweza kusimamia mjengo.

Mchanga ulichelewa siku moja kwa sababu punda wa kuubeba alikuwa amezaa. Bomba la moshi likaja fupi; aliyelichomelea alipima kwa mkono wake badala ya futi, na mkono wake ni mfupi. Nikalirudisha kwa boda, nimelikumbatia njia nzima. Siku ya tisa tulikuwa nyuma kwa siku mbili. Kufikia Jumamosi iliyopita tulikuwa nyuma kwa siku moja tu, maana nilikuwa nikisimama nyuma ya mafundi tangu saa moja asubuhi, nikiwahesabia hadi dakika za chai. Nilijichukia, lakini tiki zilikuwa zinaongezeka kwenye ratiba.

Kisha Jumapili ikanyesha.

Sijui nimweleze vipi mtu ambaye si wa huku. Misimu miwili mfululizo mvua ilikosa. Kanisani tumeomba kwa magoti tangu mwezi wa tisa. Jumapili ile ya kabla sijaanza mjengo, mimi mwenyewe nilisimama mbele ya watu nikaongoza maombi ya mvua, nikalia hadi sauti ikakatika. Halafu nikarudi nyumbani, nikalaza manila juu ya meza, nikachora siku ishirini za Novemba bila kuacha hata siku moja ya kupanda.

Niliomba mvua, na nikapanga kazi yangu kama mtu anayejua haiji. Mchungaji akisoma hii, anisamehe.

Ilianza saa tisa mchana watu wakitoka ibadani. Akina mama wazima walisimama uwanjani wakaimba mvua ikiwapiga, na mimi nikaruka nao, viatu mkononi. Nilifurahi kwelikweli, hilo mnisadiki. Jumatatu saa moja ikafika, fundi hakuna. Saa mbili, hakuna. Saa tatu nikapiga simu, haipatikani. Nikatoka nje nikaangalia bonde, na kila shamba lilikuwa na watu wameinama. Mkamba haelezwi hii. Mvua ya kwanza ikishuka, mbegu inaingia chini siku hiyo au kesho yake, kwa sababu hii ardhi yetu ina unyevu wa kukopesha siku chache tu. Harusi inangoja, kesi inangoja, mjengo ni nini.

Na mimi nilikuwa nimesimama kwa jiko, naangalia saa.

Jumanne Mama akapiga simu. Nilijua ataulizia jiko, nikawa nimeshatengeneza uongo wangu: bomba limeingia, plasta inakauka. Hakuuliza jiko hata kidogo. Alikuwa anahema, lakini kwa furaha.

"Nasikia huko imenyesha! Umepanda?"

Nikasema tunajiandaa.

"Mbegu ziko juu ya jiko, si unajua. Yale mahindi nimefunga mawili mawili, na kile kibuyu cha kunde na ndengu. Usipande za duka kwa shamba langu."

Nikasema, "Sawa, Mama." Nikakata simu, nikakaa chini hapo hapo nilipokuwa.

Kwa sababu hizo mbegu tulizila.

Ningekuwa na njia nzuri zaidi ya kuandika hiyo sentensi ningeitumia. Siku ya pili ya kazi, asubuhi na mapema, kabla paa halijashuka, nilikuwa natoa vitu ndani. Chakula cha mafundi kilikuwa juu yangu, unga ulikuwa umeisha, na kwenda sokoni kungenila saa mbili nzima. Juu kwenye boriti kulikuwa na mahindi yamening'inia, meusi kwa masizi, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Kando yake kibuyu, ndani kunde na ndengu zimechanganyika na jivu. Nikajiambia, hii ni akiba ya Mama, itaharibika bure kwa vumbi. Nikapukuchua. Nikaosha masizi. Jivu nikaliosha mara tatu, nikilalamika moyoni kwamba Mama siku hizi haoni vizuri mpaka jivu linaingia kwa chakula. Nikabandika sufuria kubwa ya isyo, mahindi na kunde na ndengu pamoja, na boriti za paa lake zilipoanza kushuka ndizo nikafanya kuni. Ilichemka hadi saa nane.

Mimi, niliyezaliwa kwa nyumba hii. Mimi niliyekuwa nikisimamishwa juu ya kinu nikiwa mdogo, nishushe mahindi hayo hayo mawingu yakianza kukusanyika. Nilijua moshi ndio unafukuza wadudu. Nilijua jivu ni dawa ya mbegu, si uchafu. Nilijua yote, lakini miaka ishirini ya unga wa paketi imenifanya nione mbegu niite chakula. Na kichwa changu kilikuwa ukutani, kwa manila. Siku ya pili: paa. Nikaweka tiki.

Aiya, Ndinda.

Jana Jumatano nikaenda kwa fundi Musembi. Boda zilikataa yale matope, nikatembea. Nilimkuta na plau na ng'ombe wawili, mke wake nyuma akidondosha mbegu kwa mtaro na kufukia kwa mguu. Sikusalimia vizuri. Nilianza tu: Mama anakuja Jumamosi, bomba halijafungwa, mlango hakuna, tulikubaliana.

"Mwalimu, si unaiona mvua?"

Na mdomo wangu ukasema, "Hii mvua nayo! Haingengoja hata wiki moja?"

Musembi akasimamisha ng'ombe. Mke wake akainua uso, mbegu bado mkononi. Huku kwetu unaweza kumtukana mtu na mkasameheana kesho yake. Mvua haitukanwi. Hawa ni watu waliouza mbuzi mmoja mmoja hadi wakabaki na kamba, na mimi nimewajia kwa shamba lao kulalamika kwamba imenyesha.

Mke wake ndiye aliyeongea, kwa upole kabisa. "Mwalimu, hiyo usiirudie hapa."

Nikalia. Ndiyo, mbele ya ng'ombe. Nikawaambia habari ya mbegu, yote, na jivu pia. Musembi akapangusa plau kwa mkono, kisha akasema, "Tulijua."

"Mlijua?"

"Mahindi ya moshi hayajifichi mdomoni. Nilimwambia mwenzangu, hii ni mbegu ya Mama Ndinda. Lakini nikafikiri mmeelewana, labda mama ameacha kulima kwa ajili ya kifua. Tena mtu akikupakulia chakula kwake, utamuuliza amekitoa wapi?"

Nilitafuta hasira ya kumpa, nikaikosa. Huyu ni mtu ambaye siku moja kabla ya chakula hicho nilikuwa nimemwambia hadithi zake azimalizie nyumbani. Alinitii. Siku hiyo alikula, akashukuru, akarudi kwa kazi kwa wakati, vile nilivyotaka.

Tukakubaliana kwamba Ijumaa atakuja asubuhi, nusu siku, afunge bomba. Mlango ni Jumatatu, apende asipende mwenye ratiba. Nikavua viatu nikamsaidia mke wake mistari sita. Hakuniomba wala hakunikataza. Kabla sijaondoka alinipa maji ya kunawa, akaniuliza Mama anaendeleaje, na swali hilo likaniliza tena.

Nikirudi nilipita kwa majirani wawili kuomba mbegu kama zile, mahindi ya Kikamba, yale mafupi yanayokomaa haraka kabla mvua haijabadili nia. Wote wawili walicheka. "Mwalimu, si sisi ndio huja kwenu?" Zao zililiwa kwa ukame. Walikuwa wamepanga kumwomba Mama, kama kila mwaka, wakapita wakaona paa limeshuka na hayupo, wakaenda kununua za paketi. Kwa hivyo sikupika mbegu za Mama peke yake. Nikaenda sokoni agroveti, nikapanga foleni na watu wengine wenye matope miguuni, nikanunua paketi mbili.

Leo asubuhi nilijaribu kujidanganya mara ya mwisho. Nilifikiri nipande hizi, ziote, Mama aje akute kijani, nani atajua? Mahindi ni mahindi. Lakini Mama angejua. Angejua jani la tatu likitokea.

Saa nane nikampigia. Nilijiambia nisizunguke, kama yule daktari.

"Mama, zile mbegu nilizipikia mafundi."

Nilisikia televisheni ya Mueni, na chombo kikioshwa. Kisha akakohoa, kile kikohozi kirefu, nami nikangoja kiishe nikiwa nimeshika ukuta ambao plasta yake haijakauka vizuri.

"Walishiba?" akauliza.

"Nini, Mama?"

"Mafundi. Walishiba?"

Nikasema walishiba. Musembi alirudia mara mbili.

"Basi."

Halafu akaanza kuongea polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniua. Yale mahindi alipewa na nyanya yangu, mama mzaa baba, wiki aliyoolewa; alipewa mikono miwili imejaa, akaambiwa hii ndiyo nyumba. Mwaka mmoja sisi tukiwa wadogo tulikula mboga za porini wiki tatu, na mbegu zilikuwa pale juu ya vichwa vyetu, na hakuzigusa. Nilikuwa nakumbuka zile mboga. Sikuwa nakumbuka kwamba wakati ule ule juu kulikuwa na mahindi.

Nilitamani anitukane. Ningejua pa kushika.

"Ndinda," akasema, "kwani ulidhani mimi napenda moshi?"

Nikaikaza simu sikioni.

"Moshi najua umenimaliza. Lakini kwa hilo jiko lako safi, mbegu zangu zingekaa wapi? Niliogopa kukuuliza. Niliona utanicheka, wewe mwalimu." Akapumzika kidogo, pumzi ikirudi. "Sasa haziko. Usijisumbue na mlango, mwanangu. Nitapika kwa hilo jiko lako, hata likiwa wazi. Sina tena kitu cha kulindia kwa moshi."

Kisha akaniambia nile, nisikae na njaa, na simu ikakatika.

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiyataka tangu mwezi wa nane. Mama amekubali. Hatapanga mawe matatu, hataingia kwa moshi, na kifua chake kinaweza kupona. Mlango ukikosa, sawa. Ratiba imeshinda, tena siku mbili kabla.

Nimekaa hapa tangu saa hiyo na siwezi kuinuka.

Najiuliza wiki zile mbili tulizovutana, je, nilimuuliza hata mara moja kwa nini? Nimejitahidi kukumbuka. Nilimweleza. Nilimchorea mapafu kwa karatasi. Nilimwonyesha picha za majiko kwa simu, jiko baada ya jiko, naye akawa anatikisa kichwa na kuangalia juu, pale kwenye boriti, na mimi nikadhani haelewi. Watoto wa darasa la nne nawauliza maswali siku nzima. Mama yangu sikumuuliza hata moja.

Nikimaliza kuandika nitamuuliza fundi kama kunaweza kujengwa dari ndogo kando ya bomba, mahali pa joto, pa kuning'iniza kitu. Sijui cha kuning'iniza kitatoka wapi. Huenda kuna mama mmoja upande wa pili wa mto ambaye Mama alimpa mbegu miaka ya nyuma na bado anazo. Nitatembea niulize, nyumba kwa nyumba, hata likizo iishe. Simwahidi mtu. Nimechoka kuahidi kwa tarehe.

Lakini shamba haliwezi kungoja hilo. Kesho Musembi akiwa juu na bomba lake, mimi nitakuwa chini na jembe, Mama asije akakuta jiko jipya na shamba tupu. Zile paketi mbili ziko hapa miguuni. Nimefungua moja. Punje zimepakwa dawa, nyekundu kabisa, na nyuma ya paketi wameandika kwa herufi kubwa: MBEGU. SI CHAKULA.

Nimeisoma mara nne.